Tulikuwa na mtungi mmoja tu wa hewa: nilivyochagua mahali na siku ya kuzamia kwenye lambo la ng'ombe

Wakuu, habari za wakati huu. Walionizidi umri humu ndani, shikamooni.

Juzi mdau mmoja aliuliza ni sehemu gani ya nchi yetu, na mwezi gani, inafaa kwa kuzamia kwa mtungi, yaani scuba. Akajibiwa Mafia, akajibiwa Pemba, akajibiwa Mnemba. Wengine wakamtajia hoteli badala ya bahari. Sikuchangia, kwa sababu jibu langu lingekuwa refu na lingeanzia mahali ambapo hakuna bahari kabisa.

Sehemu zote hizo tatu nimezamia, nikiwa mtu mzima na kwa pesa yangu. Lakini mara ya kwanza kubeba mtungi mgongoni ilikuwa kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe, wilaya ya Serengeti, mkoa wa Mara, enzi za vijiji vya ujamaa.

Sina picha. Ninayoandika niliyaona mwenyewe, na pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Kijiji chetu kilikuwa kaskazini mwa wilaya. Kwenda Mugumu, makao makuu ya wilaya, kwa mguu ilikuwa safari ya kutwa. Ukipanda kilima cha shule uliona bonde la mto Mara, na ng'ambo yake milima ya Tarime, alikotoka mke wangu Bhoke.

Tulipokusanywa kuishi pamoja tulipewa vitu viwili vya maana: lambo kule bondeni, na injini ya dizeli ya kupandisha maji hadi kwenye tangi la mchanga juu kijijini. Mchanga uliyachuja, kisha yakaenda kwenye bomba. Maji ya ukingoni mwa lambo yenyewe yalifaa kufulia tu. Ng'ombe walikuwa wanaingia humo na kufanya kila kitu ambacho ng'ombe hufanya.

Mimi nilikuwa mhudumu wa pampu. Elimu yangu ni darasa la saba, kisha miaka michache ya kushika spana kwa fundi mmoja Musoma, ambako pia nilijifunza kuogelea ziwani. Mengine nilijisomea.

Sasa, bomba la kuvuta maji lilishikiliwa na pipa tupu lililoelea. Mwisho wa bomba, chini ya maji, kulikuwa na futi valvu. Kwa asiyejua: ni kichujio cha shaba chenye kimlango ndani, kinaruhusu maji kupanda na kuyazuia kurudi. Bila hicho injini inanguruma bure.

Siku moja upepo wa mvua ulilisukuma pipa kwa nguvu, klempu iliyobana bomba ikakatika, futi valvu ikazama. Pipa lenyewe tulilikuta limetupwa ukingo wa pili, kwa hiyo halikutuambia chochote.

Wanaume waliburuta mnyororo wa plau kwenye tope siku nzima. Walipata kisiki.

Spea haikuwepo. Vijana wa humu mtashangaa, lakini wakati ule hata sabuni ilikuwa habari ya kijiji kizima. Mugumu hawakuwa nayo, Musoma hawakuwa nayo, Mwanza walisema wataulizia.

Kisha tukaletewa taarifa kutoka wilayani. Kijiji kimoja kuelekea Ikoma kilikuwa na pampu nzima lakini injini imekufa. Sisi tulikuwa na injini nzima lakini pampu imekufa. Kwa hesabu ya ofisini jibu lilikuwa rahisi: lori litakuja kuchukua injini yetu. Siwalaumu. Hata mimi ningekuwa ofisini ningeamua hivyo.

Ila injini ikishaondoka, hairudi. Hilo kila mtu alilijua.

Na waliolijua zaidi ni wanawake, kwa sababu tangu pampu inyamaze walikuwa wanafuata maji ya kunywa mto Mara. Wakitoka asubuhi, wanarudi jua limeshakuwa kali, debe kichwani, na mtoni kwenyewe wanachota kwa zamu, mmoja anainama na mwingine anawaangalia mamba.

Bhoke alikuwa na mimba yetu ya kwanza, imeshakuwa kubwa. Nilimwambia apumzike, nitakwenda mimi. Akaniuliza kama nataka kumfanya achekwe na ukoo wangu wote. Akaenda yeye.

Hapo ndipo alipofika Lars.

Lars alikuwa mtaalamu wa maji kutoka Ulaya ya kaskazini, akizunguka kukagua malambo. Watoto walimwita Larusi. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kila neno mahali pake. Kwenye Land Rover yake alikuwa na vifaa vya kuzamia, maana likizo alikuwa anakwenda pwani kuangalia samaki. Mitungi ilikuwa miwili, mmoja mtupu na mmoja umejaa.

Tatizo la kwanza: zamani alikuwa anajazia hewa Kenya, na wakati huo mpaka wa Sirari ulikuwa umefungwa. Mtungi ule uliojaa ndio ulikuwa wa mwisho.

Tatizo la pili: sikio lake lilikuwa linatoa usaha, na daktari alikuwa amemkataza kuingia majini.

Alinitazama akasema, "Wewe unaogelea. Wewe unafuata maelekezo. Mimi nina sikio moja."

Naomba nisimame hapa kidogo. Leo mtu akikwambia uvae mtungi bila kozi, kataa. Mimi nilifundishwa ukingoni, kichwa changu kikiwa ndani ya pipa la maji, na sheria moja nikaambiwa mpaka ikaniingia: usizuie pumzi, hata kwa bahati mbaya. Kina kilikuwa kidogo na kamba ilikuwa kiunoni. Hata hivyo ilikuwa hatari, na sisifii.

Turudi. Mtungi mmoja ni safari moja. Ukizamia mahali ambapo kitu hakipo, au siku ambayo maji ni uji, hewa inakwisha na hakuna nyingine. Kwa hiyo swali letu lilikuwa lilelile la mdau wetu: wapi, na lini.

Nikaanza na wapi.

Siku ya upepo ule, wanawake wawili walikuwa wanafua nguo lamboni, upande wa chini. Mmoja ni Bhoke. Mwingine ni Mama Wambura, jirani yetu, mjane mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio kilima cha pili. Wote waliliona pipa likitikisika kabla klempu haijakatika.

Bhoke alisema pipa lilikuwa usawa wa mti mkubwa wa miiba ng'ambo. Mama Wambura akasema hapana, lilikuwa usawa wa josho. Wakabishana kikaoni mpaka Mwenyekiti wa kijiji akahitimisha kuwa mmoja wao haoni vizuri. Mama Wambura akamjibu kuwa yeye anaona vizuri sana, hata suruali ya Mwenyekiti ilipochanika nyuma anapaona.

Kikao kikavunjika kwa kicheko. Mwenyekiti alitoka akitembea kinyumenyume.

Nilikaa na jambo hilo usiku mzima kichwani. Asubuhi niliwaomba wote wawili waje lamboni, kila mmoja asimame kwenye jiwe lake.

Wenye kujua kwetu wataelewa. Kila mwanamke alikuwa na jiwe lake la kufulia, na hakuna anayefulia jiwe la mwenzake bila ruhusa. Jiwe la Bhoke, kwa kuwa ni mgeni katika ukoo, lilikuwa mwishoni kabisa pembeni. La Mama Wambura lilikuwa katikati.

Kwa hiyo wote walikuwa wakweli. Nilivuta mstari kutoka jiwe la Bhoke kwenda kwenye mti wa miiba, na mwingine kutoka jiwe la Mama Wambura kwenda joshoni. Mistari ikakatana majini. Nikapanda chelezo cha mapipa nikashusha pale jiwe lenye kamba na kipande cha mti cha kuelea juu.

Mama Wambura alikiangalia kile kijiti, akamwambia Bhoke, "Kumbe tulikuwa tunagombana bure, binti yangu. Tungewagombeza hawa wanaume."

Kisha nikaja kwenye lini.

Nilichukua sahani nyeupe ya bati, nikaitoboa, nikaifunga kamba yenye mafundo. Unaishusha kutoka kwenye chelezo mpaka isionekane tena, unasoma fundo. Ndiyo visibility hiyo, yaani unaona umbali gani majini, wakuu, bila gharama. Ingawa gharama ilikuwepo, maana sahani ilikuwa ya harusi ya Bhoke na sikuwa nimemuuliza.

Nilipima saa mbalimbali. Asubuhi maji yalikuwa safi kuliko wakati wowote, lakini jua lilikuwa limelala na mwanga haukushuka. Alasiri upepo ulivuruga. Adhuhuri mwanga ulishuka mpaka chini, ila adhuhuri ndiyo saa ng'ombe wanapokuja kunywa, na wakishaingia lambo linageuka chai ya maziwa.

Baharini ni hesabu hiyohiyo, tofauti ni majina tu. Masika mito inamwaga tope, katikati ya mwaka upepo wa kusi unachafua upande unaoukabili. Kuanzia Oktoba hadi Februari hivi bahari hutulia zaidi na unaona mbali, na Mafia ndiyo miezi ya papa potwe. Lakini hata ndani ya mwezi mzuri kuna siku mbaya, na ndani ya siku nzuri kuna saa mbaya.

Sasa nilihitaji adhuhuri isiyo na ng'ombe. Nikafikiri, nikaipata: siku ya josho.

Siku hiyo ng'ombe wote wa kijiji wanakwenda kuogeshwa dawa ya kupe. Foleni inachukua kutwa. Lambo litabaki tupu. Nikampelekea Lars hesabu yangu, akaifurahia. Nikamweleza Mwenyekiti, naye akaifurahia. Tukapanga siku ya josho iliyofuata, na ilikuwa lazima iwe hiyo, kwa sababu lori lilikuwa limeahidiwa kesho yake.

Mfugaji yeyote anayesoma hapa ameshaanza kucheka.

Asubuhi ya siku hiyo tulishuka na vifaa mapema. Wanawake walikuwa wameshatangulia, wengine na nguo za kufua, wengine bila kisingizio chochote, wamekuja kutazama. Maji yalikuwa yametulia kama kioo. Nikamwonyesha Lars.

Ndipo nikasikia kengele za ng'ombe.

Ng'ombe mwenye kiu ukimpitisha joshoni anakunywa dawa, na dawa ile ni sumu. Kwa hiyo siku ya josho, kabla ya kitu chochote, ng'ombe wote wananyweshwa maji washibe. Wote, kwa pamoja, asubuhi. Mtoto wa Kikurya anajua hili kabla ya kujua kuhesabu. Mimi nililijua. Nimechunga, nimenywesha, nimepeleka joshoni. Lakini kwenye hesabu zangu nilikuwa nimeweka "ng'ombe hawapo", nikasahau watapitia wapi kwenda huko.

Wa kwanza kutokea kwenye mteremko alikuwa Mzee Matiko, mwenye kundi kubwa kuliko wote. Nyuma yake vumbi la makundi mengine.

Nikamkimbilia, nikamwamkia. Aliitikia huku anaangalia mtungi, akaniita kijana kwa Kikurya.

"Mura, hilo ni bomu?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza vizuri, kisha akanijibu. Ng'ombe wake hawataingia joshoni na kiu. Wakinywa dawa wakafa, huyo Larusi atampa wengine?

Alikuwa na haki. Niliwaza kumwomba aahirishe josho, lakini bwana wa josho alikuwa ameshachanganya dawa na watu walikuwa wameshaichangia. Lars alinitazama mara moja tu. Ng'ombe walikuwa wameshanusa maji, wanaanza kusukumana.

Mama Wambura akaweka beseni chini. Akatembea taratibu mpaka kwenye njia ya ng'ombe, akasimama katikati. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, wakajipanga kutoka kichaka hadi kichaka, na Bhoke na tumbo lake akiwa kati yao.

"Mzee Matiko," Mama Wambura akasema, "mtoni kuna maji."

"Mtoni ni mbali."

Mama Wambura akawageukia wenzake. "Jamani, mmesikia? Mtoni ni mbali. Leo ndiyo tumejua."

Wanawake wakacheka, na wachungaji waliokuwa nyuma nao wakacheka. Mzee Matiko akajaribu njia nyingine, akasema kule kuna mamba.

"Mamba wa pale tunawafahamu. Ukifika waambie tumekutuma sisi, hawatakugusa."

Akasema ng'ombe watachoka.

Hapo Bhoke akasogea mbele hatua moja. Alikuwa hajawahi kumjibu mzee mbele ya watu tangu nimuoe. Akainamisha kichwa kwa heshima.

"Shikamoo baba. Mimi jana nimekwenda na nimerudi. Ng'ombe wako ana miguu minne."

Mzee Matiko alimtazama Bhoke, akatazama tumbo, akatazama ng'ombe wake wa mbele, dume jeupe alilokuwa analipenda kuliko watu wengi. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani ni hasira. Kumbe anacheka, anacheka mpaka anajishikilia kwa fimbo.

Akageuka akawapigia kelele wa nyuma, "Rudisheni! Wanawake wamefunga mpaka, ni kama Sirari!"

Kundi zima likageuzwa. Wanaume wa kijiji chetu, wenye ng'ombe wao wote, wakashika njia ya mtoni, na wanawake wakawasindikiza kwa vigelegele na maelekezo: mahali pa kupumzikia, jiwe la kujikwaa, mahali ambapo mtu akitua debe hapati wa kumtwisha.

Tulisubiri jua lipande. Sahani ikashuka fundo kwa fundo, na ilionekana mpaka chini kabisa. Lars akanifunga mkanda, akaniangalia machoni, akavuta kwa nguvu kamba ya kiunoni kama tulivyokubaliana, maana yake nikisikia hivyo nipande juu hata kama nimeishika dhahabu. Nikashuka na kamba ya kile kijiti.

Nitasema ukweli, sikuiwaza futi valvu kwa pumzi chache za kwanza. Niliwaza tu kwamba napumua. Niko chini ya maji ya ng'ombe na napumua. Nilicheka, maji yakaingia kwenye miwani, nikayatoa kama nilivyofundishwa.

Mwanga ulikuwa wa kijani, kama ndani ya chupa. Chini niliona visiki vya boma la zamani, vimesimama kwenye duara kama vilivyochimbiwa, na lango lake bado linaonekana. Kuna familia iliishi pale kabla ya lambo. Nilipita langoni. Sikuweza kuingia kwa watu kwa kuruka ukuta.

Kwenye jiwe la kijiti hapakuwa na kitu.

Nikazunguka duara dogo kwa kamba, kisha kubwa zaidi, mkono mmoja ukipapasa tope polepole ili nisilivuruge. Geji ya hewa ilikuwa inashuka. Kutoka juu nilisikia mtikisiko, du, du, du. Baadaye niliambiwa ni wanawake walikuwa wanacheza kwenye tuta.

Duara la tatu mkono ukagusa kitu cha baridi, cha mviringo, chenye matundu. Kilikuwa kimelala kando ya nguzo ya lango lile, nusu kimezikwa.

Sikumbuki nilivyopanda. Nakumbuka nilipotokea juu nimekikumbatia kifuani na Lars, mtu mtulivu kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi, ameruka majini na viatu vyake.

Tulifunga futi valvu mchana uleule. Nilisafisha kimlango, nikabadilisha klempu kwa waya wa kusuka, nikajaza bomba maji, nikawasha. Injini ilikohoa, ikashika. Tulipanda kilima mbio kwenda kusikiliza tangi. Ilichukua muda. Kisha tukasikia maji yanaanguka ndani.

Wanaume walirudi jioni, ng'ombe wameogeshwa, wazima wote. Mzee Matiko alikaa kwenye jiwe karibu na bomba, akavua makatambuga, akaomba maji ya kunywa. Bhoke akamletea. Alikunywa lote, akarudisha kikombe kwa mikono miwili, akasema, "Ni mbali kweli."

Lori lilifika kesho yake kama lilivyoahidiwa. Dereva alikuwa na barua na vijana wa kubeba. Akaikuta injini inafanya kazi na wanawake wamepanga ndoo. Akasoma barua yake tena, akaikunja. Rejeta ya lori ilikuwa inatoa mvuke kwa safari ya kutoka Mugumu, kwa hiyo akaomba maji. Tukamjazia kutoka bombani, akageuza, akaondoka na lori tupu.

Kikao kilichofuata Mzee Matiko ndiye aliyesimama wa kwanza. Alitaka kijiji kijenge birika la kunyweshea ng'ombe nje ya lambo, wasiingie tena majini. Jambo hilo watu wa maji walikuwa wamelisema miaka mingi na yeye ndiye aliyekuwa analipinga. Lilijengwa kabla ya mvua. Binti yetu alizaliwa wakati saruji yake inakauka.

Somo nililobaki nalo, wakuu, ni dogo. Watu wanapochagua pa kuzamia huuliza maji yana kina gani, yana joto gani, unaona mbali kiasi gani. Ni maswali mazuri, yaulize. Lakini kabla hujalipia, muulize mwenyeji nani mwingine anayatumia maji hayo, na anayatumia siku gani na saa gani. Pemba nilimuuliza mvuvi, akanihamisha siku moja tu, nikaona nisichowahi kukiona. Unapoingia majini unaingia kwenye ratiba ya watu.

Nimefika mwisho wa yangu. Uwanja ni wenu: aliyewahi kuzamia Ziwa Victoria atueleze alichagua vipi siku, maana kule mimi sijathubutu. Na kama kuna mhudumu wa pampu wa enzi zile humu, ajitokeze tusalimiane.